Kapu la Sentensi

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameninunulia daftari hili. "Andika humu," kaniambia, "masikio yangu nayo yapumzike." Anadai kwamba tangu nistaafu ualimu mkuu nimekuwa nikihutubia hata sufuria. Haya, sufuria zimepona.

Nianze na kazi yangu mpya, maana ndiyo inayonipa usingizi mzuri. Mimi ni katibu wa kamati. Wilaya tano zinazokunywa mto mmoja zimeamua kutunga mwongozo mmoja wa elimu ya mazingira, ili mtoto wa juu penye bwawa na mtoto wa chini bondeni wafundishwe kitu kimoja kuhusu maji yale yale. Wazo zuri. Ila kabla sijaja, wajumbe walibishana miaka miwili mizima na hawakumaliza hata ukurasa wa shukrani.

Mimi nilikuja na kapu. Kapu la kawaida la kufuma, mke wangu alikuwa akitilia vitunguu. Sheria yangu ni fupi: sentensi ikikataliwa na wilaya hata moja, hatugombani. Naikata kwa mkasi kwenye rasimu, naitupa kapuni, tunaendelea. Kapu tutalirudia muda ukiruhusu. Tangu siku hiyo hakuna aliyepaza sauti ukumbini. Kinachobaki kwenye karatasi ni kile tulichokubaliana wote.

Wamenipa jina la Pasi, kwa kuwa nanyoosha sentensi mpaka isibaki na kunjo. Najifanya silipendi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwenda bondeni kuona Somo la Tano likijaribiwa. Shule ni ile anayofundisha mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye pia ni mjumbe wa wilaya ya chini kwenye kamati yetu. Nilimbeba mgongoni huyu. Sasa ananisahihisha takwimu.

Somo ni rahisi. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, wanafunzi wawili wanasoma kimo cha mto kwenye nguzo iliyopakwa alama. Mmoja anapita juu ya mawe matatu mpaka kwenye nguzo na kusoma, mwingine anabaki ukingoni na daftari. Wiki nane, safu nane. Msomaji wa darasa la mpwa wangu ni msichana wa miaka kumi na mitatu wanayemwita Twiga, kwa urefu wake. Mwandishi ni rafiki yake, mfupi, mwenye mwandiko wa kuonewa wivu.

Nikataka kuonyesha ujuzi. Nikasimama ukingoni, nikakunja uso, nikatangaza, "Arobaini na tano!"

Twiga akanitazama kwa huruma. "Mzee, kutoka huko unakisia."

"Nakisia?"

"Mwongozo unasema tusikisie. Ukurasa wa thelathini." Akaruka mawe matatu, akainama. "Thelathini na nane." Akainama tena. "Thelathini na nane. Andika."

Mpwa wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana ukurasa wa thelathini niliuandika mimi. Nilirudi nyumbani nikimsimulia mke wangu, naye akasema angalau yupo mtu mmoja duniani anayesoma maandishi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna mvua. Goti linasema ipo njiani.

Ijumaa, 14 Machi

Goti halijawahi kusema uongo. Imenyesha tangu alfajiri.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha nane. Tunakutana kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, wenye bati linalovuja juu ya kiti cha mjumbe wa wilaya ya tatu. Amewekewa ndoo miguuni, anaandika huku ikimlilia.

Mwenyekiti wetu ni mama aliyekuwa muuguzi mkuu. Ana haraka ya kimyakimya, kama mtu mwenye wagonjwa wengine nje. Mwongozo uzinduliwe tarehe thelathini Aprili, amesema, na tarehe hiyo haisogei.

Somo la Tano lilipita vizuri. Nilisoma kwa sauti maagizo yangu kwa wanafunzi: "Safu isibaki wazi. Soma mara mbili. Vipimo viwili visipolingana, soma tena." Wajumbe wote watano wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hapo ndipo sayansi inapoanza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, najua, lakini nakiri nilivimba.

Kisha mpwa wangu akasimama na sentensi yake. Aliiandika mwenyewe na akaisoma polepole: "Kabla ya kufungua mlango wowote, kituo cha bwawa kitazipigia simu shule zote za bondeni, kwa kuwa maji huchukua saa nne kufika huko."

Mjumbe wa wilaya ya juu ni mhandisi wa bwawa. Mtu wa watu, hufika na pipi za mnanaa mfukoni akamgawia kila mmoja, hata mwenye ndoo. Akainua mkono.

"Naikataa. Si kwa ubaya, dada yangu. Misimu miwili hatujafungua mlango hata mmoja."

"Msimu huu je?"

"Huu ni mwongozo wa watoto, si ratiba ya bwawa. Siku mtandao ukigoma simu isipite, karatasi hii ndiyo itakayonipeleka mahakamani."

"Na siku simu isipopigwa kabisa?"

"Nimesema naikataa."

Wilaya moja imekataa, na sheria ni sheria. Nikachukua mkasi. Mpwa wangu hakumtazama mhandisi, alinitazama mimi. Sentensi yake ilikuwa ndefu, ilihitaji kukatwa mara tatu.

Nje, tukisubiri mvua ipungue, nikamwambia, "Usinune. Kapu tutalirudia."

"Mjomba," akasema, "hilo kapu lina mwisho?"

Alhamisi, 27 Machi

Kapiga simu mpwa wangu. Mto umefika alama ya sitini na mbili. Jiwe la kwanza halionekani tena. Anataka kusimamisha Somo la Tano mpaka mvua zikatike.

Nilimweleza kwa upole. Shule yake ndiyo pekee yenye safu nne mfululizo bila pengo. Tukikatiza sasa tutakwenda kwenye uzinduzi na nini? Nusu jedwali?

"Mjomba, ni mto."

"Na wewe ni mwalimu. Simama nao."

Kisha akasema atawafunga kamba kiunoni na kuishika mwenyewe, na siku ambayo hayupo hawasomi. Nikamwambia hilo ni jambo la busara. Nilimsifu hata.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Mke wangu amezianika sebuleni, napita chini ya soksi zangu mwenyewe nikienda chakulani.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Mke wangu ameuliza kapu lake la vitunguu litarudi lini. Nimemjibu kwamba sasa ni chombo cha serikali. Akasema serikali ina vitunguu?

Jumatano, 9 Aprili

Kikao cha mwisho ni kesho. Mpwa wangu ameomba udhuru kwa sababu ni Alhamisi, siku ya kusoma nguzo. Haiwezekani. Wilaya moja isipokuwepo hakuna kinachopita, na mwenyekiti ataninyonga kwa utepe wa uzinduzi.

"Waambie wiki hii hakuna kusoma," nikamwambia.

"Safu itabaki wazi."

"Mwanangu, safu moja ikibaki wazi si mwisho wa dunia."

Akacheka, si kicheko cha furaha. "Wiki mbili zilizopita ilikuwa mwisho wa dunia, mjomba."

Ana ulimi kama mama yake. Lakini atakuja, na amesema atairudisha sentensi yake mezani.

Alhamisi, 10 Aprili, saa kumi na moja jioni

Tumemaliza! Naandika haya nikiwa nimevua viatu, miguu juu ya stuli, chai mkononi. Mwongozo umepita wote, kurasa themanini na mbili, wilaya tano, sahihi tano.

Nieleze ilivyokuwa kabla sijasahau. Asubuhi tulikwenda haraka. Saa tano na dakika kumi mpwa wangu alikuwa ametoka kutoa nakala za ukurasa wake, mhandisi akapokea simu pale pale mlangoni, karibu na kiti changu. "Mingapi? Miwili? Haya, fungua. Ndiyo, sasa hivi." Akarudi akakaa, akanipa pipi. Kazi ya watu haiishi. Kwa mazoea niliandika maneno yake yote kwenye kumbukumbu za rasimu pamoja na saa.

Saa sita sentensi ya mpwa wangu ikarudi mezani. Mvutano ulikuwa mkali. Mhandisi alikataa, binti akakataa kukaa chini, mwenyekiti akatazama saa yake. Hapo ndipo Pasi akapata moto. Niliandika hivi: "Wadau wa bonde wataendelea kushauriana kuhusu upatikanaji wa taarifa." Mhandisi akasema sawa. Mpwa wangu akasema hiyo haisemi kitu. Nikamvuta mkono akae, nikamnong'oneza, "Kubali. Toleo la pili tutaiweka." Alikaa akitazama dirisha ambalo halikuonyesha kitu ila maji. Kisha akainua mkono. Makofi.

Tukala chakula cha mchana pamoja, kwa mara ya kwanza bila kununiana. Baada ya chakula niliandika kumbukumbu safi. Ile ya milango haikuhusu ajenda, nikaikata, nikaitupa kapuni, badala yake nikaweka: "Baadhi ya wajumbe walitoka kwa muda mfupi kwa sababu za kikazi." Mwenyekiti akasaini, nami nikasaini.

Nimerudi na kapu. Mke wangu kalipokea kama mtoto aliyepotea. Mvua bado inapiga, lakini leo naisikia vizuri tu.

Simu inaita, ni mpwa wangu. Labda amefika.

Ijumaa, 11 Aprili

Twiga amekufa.

Mpwa wangu aliwaambia wanafunzi Jumatano, mbele ya darasa zima, kwamba Alhamisi hakuna kusoma. Wanafunzi wote wanakubali hivyo. Lakini wale wawili walikwenda. Walitaka mwalimu wao akirudi Ijumaa akute safu ya sita imejaa. Hawakwenda kucheza wala kuogelea. Walibeba daftari ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe.

Walifika saa tisa kasoro. Jiwe la tatu lilikuwa bado linaonekana kidogo. Saa tisa na dakika chache maji yakaja. Mwandishi, yule mfupi, alikuwa ukingoni. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Leo haongei.

Twiga wamempata asubuhi hii, chini sana, kwenye miti.

Nimeandika ukurasa huu mara mbili, na wa kwanza nimeuchana kwa sababu ulikuwa umenyooka mno.

Ijumaa hiyo hiyo, mchana

Saa tano na dakika kumi, ongeza saa nne.

Si hesabu ya kuhitaji kalamu. Mpwa wangu alituhesabia tangu Machi, akasimama akaisoma polepole, nami nikaikata mara tatu. Jana nilisikia kwa masikio yangu milango ikifunguliwa. Baada ya hapo tulikaa ukumbini tukibishana kama ni lazima watu waambiwe milango ikifunguliwa, na muda wote huo maji yalikuwa njiani. Tukala, tukanywa soda. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na namba ya shule ninayo.

Nilijua hakuna kusoma siku hiyo, ndiyo. Hilo nimeliambia moyo wangu tangu asubuhi na moyo umekataa kulipokea. Bonde lina watu wengi, si wanafunzi wawili. Nilikuwa nashughulikia sentensi.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika. Mvua haikusimama hata kwa heshima. Baba yake alinishika mkono kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kufika.

Jumanne, 15 Aprili

Kikao cha dharura. Mpwa wangu hakualikwa. Amesimamishwa kazi tangu jana kwa kuacha wanafunzi bila uangalizi, na ofisi ya elimu ya wilaya yake imeleta mtu mwingine kukaa kwenye kiti chake.

Mhandisi alikuwa amekonda kwa siku tano. Hakuleta pipi. Alisema bwawa lilifungua "katika muda wa kawaida wa shughuli", na kwamba mvua ya bondeni peke yake ilitosha. Alisema hivyo akiangalia ndoo.

Tamko la rambirambi lilipita kwa dakika nane. Sijawahi kuona wilaya tano zikielewana hivyo. "Mafuriko ya ghafla yaliyosababishwa na mvua kubwa." "Mwalimu husika hakuwepo kituoni." Hakuna aliyekataa neno hata moja, na kama kapu lingekuwepo lingebaki tupu.

Nani aliyeliandika tamko? Nani mwingine? Niliona mkono wangu ukiandika "mwalimu husika" na nikaushangaa mkono. Mtu niliyembeba mgongoni nimemwita mwalimu husika.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada yangu amepiga simu. Hakunisalimia.

"Kaka, nani alimwita huyu mtoto kikaoni siku ya mto?"

"Mimi."

"Na nani ameandika kwamba hakuwepo?"

Nilianza kueleza taratibu za kamati. Akakata simu. Dada yangu hajawahi kunikatia simu, hata mwaka tuliogombania shamba la baba.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Sijatoka. Mke wangu anaweka chakula mezani na kukiondoa, haniulizi kitu. Mtu aliyelalamikia maneno yangu miaka thelathini sasa anayatafuta.

Jumatano, 23 Aprili

Barua imefika: tume ya uchunguzi inakaa Jumatatu, nami ni shahidi nikiwa na kumbukumbu zangu. Mpwa wangu akipatikana na hatia atafutwa ualimu, na baba wa Twiga ameshauriwa kumfungulia kesi. Kumbukumbu safi zinasema baadhi ya wajumbe walitoka kwa muda mfupi kwa sababu za kikazi. Hazisemi milango wala saa, na zina sahihi yangu.

Nikakumbuka kapu.

Nilikimbilia jikoni, na kwa goti hili si jambo dogo. Kapu lilikuwa limejaa vitunguu.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Vile vipande? Nimevitia kwenye mfuko wa nailoni, pale karibu na jiko. Nilidhani ni vya kuwashia moto."

"Umewasha?"

Akanitazama usoni, naye akaogopa. "Siku mbili tatu. Mkaa ulikuwa na unyevu."

Tulimwaga mfuko kitandani. Vilibaki vipande mia moja na kumi na viwili. Tulikaa mimi huku yeye kule tukivisoma kimoja kimoja, na mke wangu, ambaye hajawahi kusoma mwongozo wangu, akawa anasoma kwa sauti.

"Maji ya mto huu chini ya daraja la pili hayafai kunywewa bila kuchemshwa."

"Machimbo ya mchanga yameondoa ukingo ambao watoto wanafundishwa kuuhifadhi."

"Shule isiyo na choo haiwezi kufundisha usafi wa mto."

Aliendelea hivyo karibu saa nzima. Mwisho akaweka kipande chini, akavua miwani.

"Baba watoto, mbona haya ndiyo yenye maana?"

Tangu nije na kapu hili nilijisifu kwamba tumekubaliana. Kumbe tulikuwa tukifunika kombe mwanaharamu apite, na mwenye kifuniko nilikuwa mimi.

Kipande cha milango alikiona yeye. Kona moja ilikuwa imeungua. Maneno yote yalikuwepo: saa, idadi, "fungua", "sasa hivi". Mwandiko wangu.

Jumapili, 27 Aprili

Mwenyekiti alikuja nyumbani, akavua koti lililolowa, akakaa. Amesikia kuhusu kipande, sijui kwa nani. Hakunitisha. Alizungumza kama anavyozungumza na mgonjwa.

"Katibu, rasimu si waraka. Waraka ni ule tuliosaini. Ukitoa rasimu utakuwa umesema kumbukumbu zako si za kweli, zote, tangu kikao chako cha kwanza. Mwongozo utaanguka. Wilaya tano zitarudi kugombana. Ndicho unachotaka?"

"Mpwa wangu atafukuzwa."

"Tutamtafutia kazi mahali. Mtoto hatarudi hata ukisema."

Kila neno alilosema lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilimsindikiza mpaka nje kwa mwavuli.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimesema.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, watu watatu wa tume, na benchi ukutani walipokaa mwenyekiti, mhandisi, mpwa wangu, na baba wa Twiga mwenye kofia magotini. Niliulizwa kama kumbukumbu za tarehe kumi zilikuwa sahihi na kamili. Nikasema si kamili, wala si sahihi. Nikatoa kipande kwenye bahasha nikakisoma. Kisha nikakiweka mezani mbele yao.

"Kwa nini nakala uliyosaini inasema vingine?"

"Niliinyoosha."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Ndiyo kazi yangu."

Kisha wakamgeukia mhandisi. Nilitaraji akane. Hakukana. Alisimama, akaniambia mimi, si tume:

"Mzee Pasi, ni kweli nilisema fungua. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, nisingefungua bwawa lingepasuka na sasa tungekuwa tunazika mamia. Kupiga simu sikupiga, na hilo nalala nalo. Lakini niliposema naikataa ile sentensi, nilikuwa mtu mmoja kati ya watano. Nani alikuwa na mkasi?"

Nikasema ni mimi. Mwandishi wa tume akaandika.

Baba wa Twiga alitoka bila kunitazama. Wiki mbili zilizopita alinishukuru kwa kufika.

Jumatano, 30 Aprili

Wamezindua mwongozo. Nimesikia redioni. Jina langu halimo kwenye shukrani, Somo la Tano limo. Wameongeza mstari mmoja, "chini ya uangalizi wa mwalimu". Kuhusu taarifa ya bwawa, wadau bado wanaendelea kushauriana.

Jumamosi, 3 Mei

Jua, la kwanza tangu Machi. Mke wangu ameanika hata magodoro.

Alhamisi, 8 Mei

Tume imetoa uamuzi. Mpwa wangu hana hatia. Mhandisi amehamishwa ofisi. Mimi nimepewa barua ya karipio na kuondolewa kwenye kamati, adhabu ndogo kiasi kwamba niliisoma mara mbili nikitafuta iliyobaki.

Nilikwenda bondeni kumpa habari, nikamkuta anafunga vitabu kwenye maboksi. Ameacha ualimu. Nilimwambia amesafishwa, anaweza kurudi hata kesho.

"Najua, mjomba. Asante kwa kusema."

Asante hiyo ilikuwa ya mtu anayemshukuru karani. Tangu azaliwe hajawahi kuzungumza nami hivyo. Akanikaribisha kiti, akanipa maji, heshima zote. Nilitamani anitukane.

"Yule mfupi ameanza kuongea," akasema. "Jana alinijia. Ameniletea hili."

Daftari la safu. Plastiki ililifanyia kazi yake, halikulowa. Safu ya kwanza mpaka ya tano, mwandiko ule wa kuonewa wivu. Safu ya sita: Alhamisi, 10 Aprili, saa tisa na dakika mbili. Kipimo cha kwanza, themanini na moja. Kipimo cha pili, tisini na tisa. Kisha mstari mfupi wa kalamu, umeanza na kuacha.

"Maji yalikuwa yameshaanza kupanda," akasema mpwa wangu. Alikuwa akiongea huku anafunga boksi, gundi ikimnatia vidoleni. "Mwenzake aliyaona, akamwita atoke. Twiga aligeuka kuja. Alikuwa ameshafika jiwe la pili, mjomba. Kisha akasimama, akasema havilingani. Akarudi kwenye nguzo."

Niliomba nibaki na daftari. Akasema hapana, ni la wazazi wa Twiga. Nilimrudishia kwa mikono miwili, nikatembea mpaka kituo cha basi kwenye jua kali, matope yameanza kupasuka.

Vipimo viwili visipolingana, soma tena. Katika kurasa zote themanini na mbili, sentensi hiyo haikukataliwa na wilaya hata moja. Niliiandika mimi, na walinipigia makofi.